Kamba iliyovuka njia

Kijana alichomoa ufunguo wa gari kabla sijamaliza kuitikia salamu yake. Aliingiza mkono dirishani, akazima injini, akarudi zake kivulini chini ya mkorosho na ufunguo wangu kiganjani. Mbele ya gari palikuwa na kamba ya katani, imefungwa vitambaa vyekundu, imevuka barabara kutoka mti hadi mti. Ilikuwa Agosti 2021, yapata saa tano asubuhi, na vumbi jekundu la uwanda wa Makonde lilikuwa limetuganda hadi kwenye kope.

Nilikuwa natoka Newala na magunia tisa ya makopa, mihogo mikavu. Mzigo haukuwa wangu. Ulikuwa wa mama mkubwa na majirani zake wawili, wamelima wenyewe, wamemenya wenyewe, wameanika wenyewe juu ya majamvi wiki mbili nzima wakiyakimbiza kila wingu likipita. Mimi nilikuwa nalipwa shilingi 5,000 kwa gunia, kuyafikisha sokoni Mtwara. Gari ni kirikuu, pikapu ndogo ya mizigo. Mume wangu alikuwa analiendesha mpaka kiharusi kilipompata 2019, na tangu hapo usukani nimeushika mimi, utingo wangu akiwa mtoto wa dada.

"Elfu tatu kila gunia, mama," yule kijana alisema. "Jumla ishirini na saba."

"Za nini, mwanangu?"

"Ushuru."

"Basi nipe risiti."

"Mashine haina chaji."

"Niandikie hata kwenye karatasi."

Akaniangalia. "Mama, unataka kufika Mtwara au hutaki?"

Alivaa kizibao cha njano kinachong'aa, kama wanavyovaa mafundi wa barabara. Shingoni alining'iniza kile kimashine cha kutolea risiti. Hakuwa na kitambulisho. Sikumwuliza jina. Sikumwuliza ametumwa na nani. Nilichofanya ni kumbembeleza: nikamwambia mzigo ni wa bibi watatu, nikamwambia mume wangu mgonjwa, nikatoa 20,000 nikamwekea mkononi. Akanirudishia ufunguo, mwenzake akalegeza kamba, tukapita. Utingo hakusema neno mpaka tulipoikanyaga lami, ambayo siku zile ilikuwa inaishia Mnivata. Ndipo akasema: "Mama mdogo, yule hakuandika popote."

Maneno hayo yalinikaa. Nauli yangu yote ilikuwa 45,000. Ukitoa petroli na kile nilichompa yule kijana, siku ile nilirudi nyumbani na pesa ya unga na dagaa. Ila kilichoniuma zaidi kilikuwa kumpigia simu mama mkubwa kumweleza. Yeye aliniambia tu, "Pole mwanangu, ndiyo barabara hiyo." Aliongea kama mtu anayezungumzia mvua.

Jirani yetu Mikindani ni mzee aliyestaafu ukarani. Jioni hukaa kwenye baraza lake na redio. Nilipita kumwamkia, nikamsimulia. Hakunionea huruma hata kidogo, na leo namshukuru kwa hilo. Aliuliza swali moja: "Ulimwuliza ni sheria gani iliyomtuma?"

Nikamwambia, shikamoo mzee, mimi sheria nazijulia wapi? Akaingia ndani, akatoka na kitabu cha Katiba ya 1977 chenye jalada lililochakaa, akanifungulia Ibara ya 138. Pale imeandikwa kwamba hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa na sheria kama hiyo. Akanisomea mara mbili, polepole, kama anayemsomesha mtoto.

Kisha akanieleza ushuru wa mazao. Upo kweli, haukutungwa na kijana wa kwenye kamba. Umo kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290. Lakini anayeulipa ni mnunuzi wa mazao, na anailipa halmashauri ambako mazao yamelimwa. Halafu tangu mwaka wa fedha 2017/18 Serikali ilifuta ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine, kwa sababu hiyohiyo: wakulima wadogo walikuwa wanakamuliwa kwenye mageti. Njia ya Newala hadi Mtwara mjini inapita Tandahimba, inapita Nanyamba, inapita Mtwara Vijijini, ndiyo uingie manispaa. Kila mmoja akifunga kamba yake, makopa yatafika sokoni yamebaki magunia matupu.

Kesho yake nilikwenda kupima gunia moja lililobaki kwa mteja. Makopa ni mepesi, yanajaza gunia bila kuwa na uzito. Kilo 58. Mara tisa ni kilo 522. Nusu tani na ushei.

Nikaenda kudai. Ofisi siitaji. Nilipokewa vizuri, nikapewa kiti, nikaulizwa: "Risiti iko wapi?" Sina. "Jina la mkusanyaji?" Sijui. "Saa ngapi, mahali gani hasa?" Hapo nikaweza kujibu kidogo. Yule ofisa alifunga faili taratibu, akaniambia kwamba hawezi kumrudishia mtu pesa ambayo haionekani kuingia mahali popote. Nilikasirika, lakini nikiwa njiani kurudi niliona kwamba hana la kufanya. Mimi mwenyewe ndiye niliyeisaidia ile pesa isionekane, maana niliposhusha bei kutoka 27,000 hadi 20,000 nilikuwa nimeshaacha kulipa ushuru, nimeanza kununua njia. Nilipomwambia mzee hivyo, alitikisa kichwa. "Na kununua njia nako ni kosa," akasema. "Mtoaji na mpokeaji wa rushwa, wote TAKUKURU inawahusu." Namba yao, 113, niliiandika siku ile kwenye ukuta wa ndani wa gari kwa kalamu ya wino mzito. Ipo mpaka leo.

Mzee alinipa picha moja ambayo nimeibeba miaka yote hii. Alisema: barabarani kila mwenye sare ana chumba chake. Humo ndani ana nguvu, tena kubwa. Ukimkuta nje ya chumba chake, muulize anatafuta nini. Polisi wa usalama barabarani chumba chake ni kipana: anakusimamisha, anadai leseni, anakagua gari, anakuandikia faini chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973. Wengine wote vyumba vyao vina kuta.

Mimi nilisikia nusu ya maneno hayo. Nilisikia kwamba kuna wasio na mamlaka. Ile ya kwamba humo ndani wana nguvu kubwa, niliipitia juu juu. Na hiyo ndiyo iliyonigharimu zaidi.

Mwaka uliofuata nilikuwa narudi kutoka upande wa Kilwa. Mteja mmoja aliniomba nimpakilie magunia manne ya mkaa hadi Lindi mjini. Akanilipa vizuri, nikapakia, sikuuliza karatasi. Jua lilizama tukiwa bado njiani. Yapata saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni nikakuta watu watatu wenye sare na tochi, wakanipungia nisimame. Nikaona si trafiki. Nikasimama, lakini nikapandisha kioo, nikabakiza upenyo wa vidole viwili.

"Habari za jioni, mama. Sisi ni maofisa misitu. Naomba hati ya kusafirishia mkaa."

"Nyie ni trafiki?"

"Hapana, mama."

"Basi hamna mamlaka ya kunisimamisha. Nataka kupita."

Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno hayo. Nilikuwa nayasema kichwani kila nikipita ile njia ya Newala. Yule ofisa hakugomba. Alitoa kitambulisho, akakiweka kwenye kioo, akakimulika kwa tochi yake mwenyewe ili nisome jina na cheo. Kisha akanieleza, sauti ileile: Sheria ya Misitu Namba 14 ya 2002 inamruhusu kusimamisha chombo anachokishuku, kukipekua, kukamata mazao ya misitu yasiyo na kibali, pamoja na chombo kilichoyabeba. Mkaa ni zao la msitu. Unatembea na hati yake, na hauruhusiwi kusafirishwa usiku. Marufuku ni kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Nilishuka miguu ikitetemeka. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwa nimeliona kwenye ile kamba. Mwenzake alitoa kitabu cha fomu, akaweka karatasi ya kaboni, akaanza kuandika huku utingo wangu akimshikia tochi. Aliandika magunia manne ya mkaa. Aliandika namba ya gari. Akaja kuzunguka gari akiandika kila kitu: tairi la akiba moja, jeki moja, spana ya magurudumu, redio, turubai la bluu lenye tundu. Aliliandika na tundu. Akanipa nisome, nikasaini, akasaini na yeye, akanichania nakala yangu. Gari langu lilikwenda kulala kwenye uwanja wao na mimi nikapanda bodaboda nikiwa na karatasi mkononi inayosema gari liko wapi, kwa nini, na limeshikwa na nani.

Lililala siku tatu. Waliniambia nina njia mbili: kukiri kosa kwa maandishi na kulififilisha, yaani kulimaliza palepale ofisini kwa faini, au kukataa na jambo likaenda mahakamani. Hakuna aliyenisukuma. Nilikiri, kwa sababu kosa nilikuwa nimelitenda. Nikapewa kontrol namba, nikalipia benki, mkaa ukataifishwa, gari nikarudishiwa. Nililihakiki kwa ile nakala, kitu kimoja kimoja, na hakikupungua hata spana. Mteja wa mkaa hakuwahi kupokea simu yangu tena. Pesa ile ilinichukua miezi minne kuifidia, na katika miezi hiyo dawa za mume wangu tulikuwa tunanunua nusu dozi. Hilo silisemi kwa kumlaumu mtu mwingine.

Tangu hapo nimekuwa naulizia vyumba vya kila mtu, kwa sababu kazi yangu inanikutanisha na wengi.

Mzani wa kupimia magari barabarani, kwa mfano, haunihusu mimi. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya 2016, inaanzia magari ya tani tatu na nusu. Kaka yangu anayeendesha lori inamhusu sana. Gari na mzigo wake havitakiwi kuzidi tani 56, na kila ekseli ina kipimo chake, kwa hiyo unaweza kuwa chini ya jumla na bado ukazidisha ekseli moja kwa sababu tu mzigo umekaa nyuma. Watu wa mzani si polisi, lakini kukwepa mzani ni kosa lenyewe, hata kama ungepimwa ukawa sawa. Kaka husema afadhali asubiri foleni siku nzima.

LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, chumba chao ni usafiri wa biashara: leseni ya usafirishaji, njia uliyopewa, nauli, abiria. Wamewekwa na sheria ya 2019 badala ya SUMATRA. Hawa nao nilikuwa nawadharau, mpaka siku moja ya gulio nilipowapakiza kina mama sita juu ya magunia, wamejishikilia kamba, watoto mgongoni. Mkaguzi alinisimamisha akiwa na trafiki pembeni. Hakuanza na leseni. Alisema, "Hebu waangalie walivyokaa." Niligeuka nikawaangalia. Gari langu ni la mizigo. Kama ningekata kona vibaya kwenye ule mteremko wa kushuka Newala, wale kina mama wangekwenda wapi? Sijapakia mtu nyuma tena, hata dada yangu akiomba.

Wakaguzi wa uvuvi nao wapo, na ukipita pwani ya Kilwa au Lindi ujue Sheria ya Uvuvi ya 2003 inawapa nguvu ya kukagua gari lenye samaki. Nimewahi kumwona mama mmoja akitolewa pweza kutoka kwenye ndoo, mmoja mmoja, wakipimwa kwenye mizani ya mkononi, maana walio chini ya nusu kilo hawaruhusiwi kuvuliwa.

Kwa vijana wa bodaboda ndiko ninakoumia zaidi. Mtoto wa kaka yangu alikimbizwa na mgambo mjini, wakamnyang'anya pikipiki, wakamtaka 30,000 "faini ya trafiki". Alitoa. Faini ya pikipiki na bajaji ilishushwa tangu Julai 2021 kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, na hata hiyo 10,000 inaandikwa na polisi, ina namba ya kulipia, haipokelewi mkononi. Mtu asiye polisi akikukamata kwa kosa la jinai anatakiwa akukabidhi polisi bila kuchelewa. Hakuna kituo cha pili cha kusimama njiani cha kupatana bei. Nilimwuliza kijana wetu kwa nini hakusema, "Twende kituoni." Akajibu, "Shangazi, nilidhani kituoni ndiko kubaya zaidi." Kijana wa miaka ishirini na mbili anaogopa kituo cha polisi kuliko kuporwa. Nimelifikiria sana jibu hilo.

Kwa hiyo sasa nina daftari. Kurasa 96, limefungwa kwa mpira kwenye kioo cha jua. Nikisimamishwa nazima gari mwenyewe, ufunguo natia mfukoni, nashuka, naamkia. Kushuka kunasaidia; mtu akizungumza na mama aliyesimama mbele yake huwa tofauti na anapozungumza na dirisha. Nauliza jina na kuomba kuona kitambulisho. Nauliza ni sheria gani na kosa gani. Nikiambiwa kulipa, naomba namba ya malipo. Nikishikiwa kitu, naomba hati. Yote hayo nayasema kwa upole, shikamoo yake ikiwemo kama ni mkubwa kwangu, maana kwetu ukimwuliza mtu mzima jina lake bila salamu umeshamtukana kabla ya kumwuliza. Kwenye gari nina barua ya mtendaji wa kijiji inayosema mazao ya nani, yametoka wapi, magunia mangapi. Mzigo wowote wenye asili ya msitu au bahari sipakii bila kibali kuwa mkononi mwangu mimi, siyo kwa mwenye mzigo.

Wengi wanajibu bila shida. Wachache wamenipigia kelele. Wawili, katika miaka miwili, walishusha kamba bila kusema neno walipoona nafungua kalamu.

Mwaka jana nilipata mtaji kidogo kwenye kikoba. Nikanunua makopa kwa jina langu, nikakodi Canter ya jirani na dereva wake. Magunia thelathini na mbili, karibu tani mbili. Safari hii mnunuzi nilikuwa mimi, mazao yamelimwa palepale ndani ya halmashauri, uzito umevuka tani. Tukafika kwenye kamba. Ilikuwa ileile, ila vitambaa vilikuwa vimepauka, na kijana alikuwa yuleyule, amenenepa kidogo.

Hakunikumbuka. Akaangalia Canter, akaangalia mimi, akasema, "Mama, toa hamsini uende."

Nikamwamkia. Nikamwambia nadaiwa ushuru na nimekuja kuulipa, anipigie hesabu kwa bei niliyonunulia, hii hapa barua ya mtendaji. Akasema mashine haina chaji.

"Basi tutasubiri," nikasema.

Alidhani natania. Nikakaa kwenye lile benchi lake chini ya mkorosho. Dereva akazima injini, utingo akatandika kanga akalala chini ya Canter. Duka la kwanza lenye umeme wa sola lilikuwa hatua kama mia tatu. Baada ya dakika ishirini hivi kijana aliinuka, akaenda na kimashine chake, akarudi baada ya saa nzima. Tulipiga hesabu pamoja kwenye daftari langu, mstari kwa mstari, na pale alipokosea kuzidisha nilimwonyesha, akasahihisha. Ilikuja zaidi ya ile hamsini aliyoitaka. Nililipa. Mashine ikalia, ikatoa karatasi ndefu nyembamba yenye jina la halmashauri, tarehe, saa, kiasi, na jina lake yeye.

Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama naiandika hiyo risiti kwenye daftari.

Nikamwambia naiandika, tena naipiga picha, kwa sababu karatasi ile ukiiacha kwenye dashibodi jua la siku mbili linaifuta yote. Akaishika pembeni inyooke, nikapiga picha kwa simu. Utingo akaamka, akakunja kanga, na kijana akaenda kufungua kamba.